Japicha na Mashine ya Migori

Kabla ya kuigusa mashine yoyote iliyokwisha kutumika, Japicha aliinusa. Alikuwa akivua kofia yake ya kufuma, anaiweka pembeni, anainama mpaka pua inakaribia kugusa chuma, kisha anavuta pumzi polepole. Mwenye mashine angebaki amesimama hapo hajui acheke au akasirike. Siku moja mwalimu mmoja kutoka Rongo alimletea mashine iliyofungwa kwa blanketi, akitaka kujua kama amenunua kitu cha maana. Japicha alinusa, akainuka, akasema, "Hii imelala chini ya kitanda cha mtu. Mvua mbili au tatu." Mwalimu akashika kiuno. Kweli, aliyemuuzia alikuwa ameitoa chini ya kitanda mbele ya macho yake.

Nasema mashine, na wengine watafikiri cherehani au kinu. Hizi zilikuwa mashine za kukuzia picha, zile zinazokaa katika chumba cha giza cha mpiga picha. Taa iko juu, filamu ya negativu katikati, lenzi chini yake, na sura ya mtu inamwagika juu ya karatasi ikiwa kubwa kadiri unavyopandisha kichwa cha mashine kwenye nguzo yake. Mpya zilitoka Ulaya, na hakuna mwenye studio katika miji yetu midogo aliyekuwa na ubavu wa kununua mpya. Lakini miaka ile ya Uhuru watu wengi walikuwa wanafunga mizigo. Wazungu wa mashamba, maofisa, wenye maduka, kila mwezi ungesikia fulani anauza meza, vyombo, baiskeli, na mara mojamoja mashine ya picha. Zilikuwa mashine za hali ya juu, ila hujui zimeishi vipi. Hapo ndipo watu walimtafuta Japicha.

Japicha ni neno la Kijaluo, yaani mtu wa picha. Ndivyo Homa Bay nzima ilivyomwita. Jina lake halisi nililiona juu ya bahasha zake, lakini sikuwahi kulitamka na sitaanza leo. Alikuwa Mwislamu aliyetoka mbali, Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu, na habari za kwao hakuzisimulia. Mimi sikuuliza. Nilimkuta pale nilipofika kutoka Migori kumfuata mume wangu, aliyekuwa karani katika ofisi ya uvuvi. Nikapanga chumba cha kushonea kwenye mtaa unaoteremka kwenda gatini, na upande wa pili wa ukuta ndio ilikuwa studio yake.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao, na sakafu yetu ilikuwa moja. Wiki ya kwanza tu alikuja mlangoni kwangu, uso umekunjamana.

"Mama, wewe ndiye unayetetemesha nyumba?"

Nilimwambia nashona sare za shule.

"Basi picha zangu zote za leo zina sura mbilimbili. Cherehani yako inatikisa nguzo yangu."

Nikadhani atataka nihame. Badala yake tuliafikiana. Akiwa tayari kumulika karatasi atagonga ukuta mara moja, nami nitaondoa mguu kwenye kanyagio. Akimaliza atagonga mara mbili. Tuliishi hivyo miaka. Na kila alipogonga, nilikaa kimya nikisikia akihesabu sekunde kwa sauti: achiel, ariyo, adek, ang'wen. Nilimuuliza kwa nini anahesabu kwa Kijaluo ilhali Kijaluo chake kinamshinda. Akajibu, "Ndiyo maana. Kiswahili nakimbia. Kijaluo lazima nifikiri kila namba, basi sekunde inapata urefu wake."

Ijumaa mchana alifunga studio kwenda kuswali, nami nikapokea wateja wake. Jumamosi mimi ni Msabato, sigusi sindano, basi yeye alipokea wa kwangu, akiandika vipimo vibaya kila mara. Kuna mama alipata gauni la kumtosha mumewe.

Mtu huyu alikuwa na subira ya ajabu, lakini subira yote aliimalizia kwenye vyuma. Skrubu moja iliyoshika kutu aliwahi kuibembeleza siku tatu, akiidondoshea mafuta kwa unyoya wa kuku na kuisalimu asubuhi. "Umeamkaje? Bado hutaki?" Niliyasikia haya kupitia ukuta. Lakini watu hakuwavumilia. Naibu wa chifu mmoja kutoka Kisegi alikuja amevaa suti, akataka picha yake itoke baada ya saa moja kwa kuwa ana haraka.

"Rudi Jumanne," Japicha akamwambia.

"Leo ni Jumatano!"

"Ndiyo. Jumanne."

Mkewe, Mama Zuhura, ndiye aliyewafuata wateja wa namna hiyo barabarani na kuwarudisha kwa maneno matamu. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Bila yeye, studio ile ingekufa mwaka wa kwanza.

Kwa upande mwingine, sijaona mtu mwaminifu kama Japicha katika biashara ya vitu vilivyotumika. Siku moja aliitwa kisiwani Mfangano na mjane mmoja aliyeachiwa mashine na mumewe. Mjane aliiona kama takataka, akawa tayari kuitoa kwa bei ya kuku wawili ili apate nafasi nyumbani. Japicha aliikagua mchana kutwa. Nguzo ilikuwa imepinda, ubao umeliwa na mchwa, kichwa kimepasuka. Akamwambia, "Mama, hii mashine imekufa. Lakini lenzi yake ni nzima, na lenzi hii peke yake ina thamani kuliko mashine yangu yote. Usimpe mtu kwa kuku." Alirudi kwa mashua mikono mitupu, amelowa mpaka magoti, ana furaha kama aliyeshinda mchezo. Mama Zuhura hakumsemesha mpaka kesho yake. Mjane aliiuza lenzi Kisumu, na baadaye alituletea kikapu cha samaki waliokaushwa.

Wapiga picha wengine walikuja kumsikiliza, hata kutoka kwa Wakuria kule mpakani. Aliwafundisha bure, ila kwa ukali. Kioo kikipasuka utapata kingine ukisubiri. Balbu ikiungua utaagiza Nairobi na kungoja. Lakini lenzi iliyoingia kuvu ndani, au nguzo isiyosimama wima, hizo zitakula maisha yako. Na neno lake kubwa, alilolirudia mpaka nikalijua kwa moyo: "Usinunue mashine hujaiona ikiwaka. Hata kama mwenye kuuza ni baba yako."

Sasa nieleze habari ya mashine ya Migori. Ndani yake nami nina lawama, kwa sababu habari hiyo niliileta mimi.

Nilikuwa nimekwenda nyumbani kumwona mama yangu, mwaka uliofuata Uhuru. Kaka yangu alikuwa akifanya kazi stoo kwenye mgodi wa dhahabu, akanitajia kwamba Mzungu mmoja mpima ardhi anarudi kwao na anauza mashine kubwa ya picha ya Kijerumani. Niliporudi nilimweleza Japicha hivi hivi tu, nikikata kitambaa. Akaacha kikombe chake cha chai kikapoa. Juma lile lile tulipanda basi pamoja, mimi, yeye na Mama Zuhura.

Mashine ilikuwa juu ya meza, imefunikwa shuka jeupe. Mzungu alipoifunua, hata mimi nisiyejua kitu nilisogea karibu. Nguzo zake zilikuwa mbili, ndefu, zinang'aa. Gurudumu la kurekebishia lilizunguka bila sauti yoyote. Mashine ya zamani ya Japicha, ukiilinganisha na hii, ilikuwa kama kigoda mbele ya kabati. Nikangoja avue kofia anuse. Hakunusa. Aliweka kidole kimoja juu ya lile gurudumu, akalizungusha mbele, akalirudisha nyuma.

"Hii iko mzuri sana," Mzungu akasema. "Mimi natumia miaka kumi. Hapana sumbua hata siku moja."

Kwa kuwa Japicha hakuuliza, niliuliza mimi. "Bwana, tunaweza kuiona ikiwaka?"

"Leo stima hapana iko. Jenereta nakufa juzi."

Nilimvuta mkono wa shati. "Mzee, turudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo ataiuza kwa mwingine, Nyar Migori." Ndivyo alivyoniita, binti wa Migori. Sauti haikuwa ile niliyoizoea. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeposa.

Nikamtazama Mama Zuhura nikidhani atasema neno. Fedha alizokuwa nazo mumewe mfukoni zilikuwa za kuezeka chumba chao cha nyuma, mvua zilikuwa karibu, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Alikitazama kidole cha mumewe juu ya gurudumu. Kisha akasema tu, "Ifungeni vizuri. Barabara ni mbaya." Akavua khanga yake ya juu, akaifungia lenzi.

Siku iliyofuata niliusikia waya wa umeme ukiburutwa uani. Umeme wetu ulitoka kwenye jenereta ya mwenye duka la vyuma, ambaye alituuzia wa saa chache mchana. Nikasikia Japicha akigonga ukuta. Nikaondoa mguu. Achiel, ariyo, adek... Kimya. Akagonga tena. Achiel, ariyo... Kimya kirefu zaidi. Hakugonga mara mbili siku ile. Nilikaa na sare ya mtoto wa watu mapajani mpaka nikaona haya, nikaendelea kushona.

Ugonjwa wa mashine nilikuja kuujua baadaye, kidogo kidogo. Springi iliyobeba uzito wa kichwa ilikuwa imechoka, hivyo alipokuwa akihesabu, kichwa kilishuka taratibu na picha ikafifia. Mfuko wa ngozi wenye mikunjo, ulio kati ya negativu na lenzi, ulikuwa umepasukapasuka, unavuja mwanga. Kimoja kati ya vioo viwili vinene vya kukusanya mwanga kilikuwa na ufa mwembamba. Na ndani ya lenzi, mahali ambapo kitambaa hakifiki, kuvu ilikuwa imetandaza nyuzi zake kama buibui. Sidhani yule Mzungu alitudanganya. Nadhani hakuwa ameiwasha kwa muda mrefu, akaikumbuka jinsi ilivyokuwa.

Japicha aliifunika kwa shuka, akarudi kwenye mashine yake ya zamani. Mteja akiuliza, alijibiwa, "Ile kubwa inapumzika." Mkewe aliambiwa, "Inazoea mahali." Wiki zikapita. Na katika wiki zile zile, nilimsikia kupitia ukuta akimkaripia kijana wa watu aliyenunua mashine Kisii: "Uliiona ikiwaka? Hukuiona! Sasa unalia nini kwangu?"

Niliuma uzi nisicheke. Mama Zuhura alikuja kununua vifungo, akanong'ona, "Amefunika mashine kwa shuka langu la arusi, halafu anadhani sijui kwamba chini yake kuna maiti."

"Umemwambia?"

"Namngoja aseme mwenyewe. Nikimwambia mimi, ataona haya mpaka azeeke."

Mvua zikaja. Chumba chao cha nyuma kikavuja juu ya masufuria, na Mama Zuhura akawa anayapanga na kuyamwaga akiimba.

Ndipo alipokuja mama mmoja wa kisiwa cha Takawiri.

Alikuwa amevaa nguo ya maombolezo iliyoanza kupauka. Alifika kwangu kwanza, akidhani mlango wangu ndio wa studio, nami nikampeleka. Mama Zuhura alikuwa mlangoni akipepeta mchele. Yule mama hakuketi.

"Japicha," alisema, "mwaka jana ulipiga picha ya kwaya yetu kwa ngazi ya kanisa. Wuoda alikuwa ndani. Mtoto wangu, Ouma. Sasa maji imemchukua na hakuna picha yake ingine hapa duniani."

Japicha alifungua sanduku la negativu, akatafuta, akaiinua dirishani. Watu walikuwa zaidi ya thelathini. Mama alimwonyesha kijana wa mstari wa nyuma. Uso ule kwenye negativu haukuzidi kichwa cha kijiti cha kibiriti.

"Unataka kubwa kiasi gani, Mama?"

Akaonyesha kwa viganja, kama anayeshika sahani. "Binti yangu karibu kuzaa. Mtoto ataitwa jina la mjomba wake. Nataka akikua ajue ameitwa nani. Nikimwambia kwa mdomo haitoshi. Mimi mwenyewe nimeanza kusahau."

Japicha aliiweka negativu mezani. Alitazama mashine ndogo, ambayo isingeweza kuufikisha uso ule hata ukubwa wa kifungo. Akatazama shuka jeupe.

"Mama, mashine ya kazi hiyo ninayo," alisema. "Lakini ni mbovu. Niliinunua bila kuiwasha."

Aliyasema hayo huku akimtazama mkewe. Mama Zuhura hakuacha kupepeta.

"Basi itengeneze," akasema.

Yule mama akapewa wiki tatu.

Kazi ile tuliifanya kwangu na kwake, mlango kwa mlango. Springi ilikuwa haipatikani popote, basi Japicha aliitoa kabisa. Akapitisha kamba juu ya gurudumu dogo, upande mmoja akafunga kichwa cha mashine, upande wa pili mfuko niliomshonea kwa turubai. Ndani ya mfuko alitia zile risasi ambazo wavuvi hufunga kwenye nyavu, moja baada ya moja, mpaka kichwa kikakaa pale unapokiacha, hakipandi wala hakishuki. Alikaa akikitazama nusu saa nzima, akingoja kimdanganye.

Ule mfuko wa mikunjo ulikuwa kazi yangu. Niliufumua wa zamani, nikaulaza juu ya meza, nikauchora kama ninavyochora gauni. Nikakata kitambaa cha mwavuli mweusi mara mbili, katikati nikagandisha vipande vyembamba vya boksi la viatu ili mikunjo isimame. Wa kwanza ulitoka umepinda. Wa pili Japicha aliuingiza kichwani kwake kama kofia, akatoka nao juani, akasema, "Naona nyota sita." Maana yake matundu sita ya sindano. Wa tatu aliuvaa, akajigeuza kila upande juani, kisha akasema humo ndani, "Usiku." Sijawahi kusifiwa nikafurahi vile.

Kioo chenye ufa alikizungusha tu mpaka ufa ukaenda pembeni, mwanga usipopita.

Ikabaki lenzi. Hii ndiyo aliyokuwa akiwakataza watu wote wasiiguse, kwa sababu ukikosea mpangilio wa vioo vyake, au ukakikwaruza kimoja, basi umeua kila kitu na hakuna fundi wa kuifufua. Alichagua meza yangu ya kukatia kwa sababu ina mwanga mzuri. Alitandika kitambaa cheupe cha marekani, akanawa mikono mara mbili kama anayekwenda kuswali.

"Funga mlango, Nyar Migori. Mteja akija, umekufa."

Pete ya kwanza ilikubali. Ya pili ikagoma. Akaomba mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi, akaweka ncha zake mbili kwenye vitundu vya pete, akasukuma. Haikuzunguka. Akauondoa mkasi, akapumua.

"Ikiharibika?" nikauliza.

"Ikiharibika nitamwambia yule mama uso kwa uso. Hilo ndilo linalonitisha."

Akarudi tena. Pete ikatoa mlio mdogo, ikazunguka. Alipanga vioo kwa mstari juu ya marekani, akavipangusa kwa pamba na spiriti, kimoja kimoja. Kuvu ilitoka karibu yote, ikabaki alama kidogo pembeni, kama nyayo za sisimizi. Akavirudisha. Alipomaliza, nguo yake ilikuwa imelowa mgongoni.

Siku ya kujaribu aliniita ndani, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Tulisimama chini ya taa nyekundu mimi na Mama Zuhura. Alipandisha kichwa cha mashine mpaka karibu na dari. Akahesabu mpaka piero adek, thelathini, kichwa kikiwa kimetulia. Karatasi ikaingia kwenye dawa, nasi tukainama. Kwanza likaja giza la nywele. Kisha macho. Kijana wa miaka ishirini hivi, kinywa kimefunguka kidogo kwa sababu alikuwa anaimba. Mama Zuhura akasema, "Ee Mungu," akatoka nje.

Hapa lazima niseme kasoro moja ya Japicha. Mtu ambaye hakukubali mashine ifichwe ubovu wake, nyuso za watu alizificha bila kuulizwa. Alikuwa na brashi nyembamba na penseli, na kila picha iliyopita mkononi mwake ilitoka haina chunusi, haina kovu, haina mkunjo. Mabibi harusi wote wa Homa Bay walifanana. Basi kwenye picha ya Ouma aliona mstari mweupe umekata nyusi ya kushoto. Akadhani ni mabaki ya kuvu, au mkwaruzo. Akaujaza kwa brashi vizuri sana, usingejua kulikuwa na kitu.

Mama alikuja siku aliyoahidiwa. Japicha alimpa picha kwa mikono miwili. Mama aliisogeza mbali, akaileta karibu.

"Ni yeye," akasema. Kisha, "Lakini umemfanyia nini?"

"Vipi, Mama?"

Akaweka kidole kwenye nyusi. "Kovu lake iko wapi? Ndoano ya babake ilimrarua hapa akiwa mdogo. Mimi ndio nilimfunga na kitambaa yangu. Damu yote ilikuwa kwa nguo yangu."

Japicha aliinama karibu na kile kidole. "Nilidhani ni uchafu wa lenzi yangu," alisema.

"Si uchafu. Rudisha."

Hakuuliza kama ana haraka, hakumwambia Jumanne. Aliingia chumba cha giza pale pale. Mama akaja kuketi kwangu. Ukuta ukagongwa, nikaondoa mguu.

"Anahesabu nini?" akaniuliza.

"Anahesabu mwanga, Mama. Ni lazima uanguke juu ya karatasi kiasi chake."

Alisikiliza. Kisha midomo yake ikaanza kufuata. Apar gachiel, apar gariyo, yaani kumi na moja, kumi na mbili. Japicha alipokwama kidogo katikati, kama ilivyokuwa kawaida yake, mama alimngoja, wakaendelea pamoja mpaka mwisho, mmoja huku na mwingine kule, na yule wa kule hakujua.

Japicha alitoka na picha bado inachuruzika maji, ameishika kwa pembe mbili. Kovu lilikuwa pale. Mama hakulia. Alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyemfumania mwanawe akiiba sukari, akaigusa ile nyusi. "Ouma," akasema. "Umenisumbua wewe."

Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata. Alikuwa msichana, basi wakamwita Auma, jina lile lile kwa mtoto wa kike. Yule mama alisafiri kutoka Takawiri kuja kutuambia tu.

Tangu siku ile Japicha hakuishika brashi bila kumuuliza mteja, "Hii alama niiache au niitoe?" Nilishangaa ni wangapi walisema aiache. Na waliomletea mashine zao aliwasimulia ya Migori, bila kujipunguzia aibu hata kidogo. Kazi ya picha kubwa ilikuja, kutoka Mbita, Kendu, hata Kisii. Chumba cha nyuma kiliezekwa upya kabla ya mvua nyingine, na Mama Zuhura akayarudisha masufuria jikoni.

Mume wangu alihamishwa, tukarudi Migori. Nilikwenda kuwaona mara moja tu, mwishoni kabisa mwa miaka ya sitini, nilipopeleka mzigo wa nguo Homa Bay. Nilisikia macho ya Japicha yameanza kumwacha, na njia nzima nilikuwa nikijiandaa kumpa pole.

Nilimkuta nje ya studio, kwenye kiti, amepakata mtoto wa mteja. Mtoto alikuwa anamvuta ndevu. Nilipomwamkia alinyanyua uso, akasikiliza sauti, akatabasamu.

"Nyar Migori! Umenenepa. Nasikia kwenye sauti."

"Mzee, nani anapiga picha siku hizi?"

Akaonyesha ndani kwa kidevu. Mama Zuhura alitoka na kamera shingoni, mikono ya gauni imekunjwa, ananuka dawa. Miaka yote alikuwa akitazama kutoka mlangoni, kumbe alikuwa anajifunza. Japicha akaninong'oneza kwa fahari ambayo hakujua kuinong'oneza, "Ananishinda. Wateja wananiambia mbele yangu."

Tulikunywa chai. Nilipotaka kuaga, Mama Zuhura akasema haiwezekani, majirani miaka yote ile na hatuna picha hata moja ya pamoja. Akatusimamisha mbele ya pazia. Japicha akasimama kama mti wa simu. Alikuwa amepanga nusu ya watu wa Homa Bay mbele ya pazia lile, akawainua videvu na kuwageuza mabega, lakini upande huu hakuwahi kuja.

"Mikono niiweke wapi?" akauliza.

"Popote," mkewe akajibu.

"Popote ni wapi?"

"Mwaka wa ngapi huu nimekuvumilia? Tulia!"

Akaangua kicheko, na hapo hapo kamera ikalia. Mama Zuhura akauliza kama arudie. Nikamwambia hapana, anipe hiyo hiyo.

Ipo ukutani juu ya cherehani yangu, Migori. Mimi nimetoka nimenyooka, mkoba mkononi, kama ninakwenda kanisani. Yeye kinywa kiko wazi, macho yamefumba, mkono mmoja uko hewani unatafuta pa kukaa. Wateja huniuliza huyu mzee anayecheka ni nani wangu. Nawaambia ni jirani yangu.